Kama ni uzito, mbona na vidole vinauma?

SWALI: Habari za kazi daktari. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga, nina miaka 47 na watoto wanne. Nina kilo 96, urefu wangu sentimita 160. Magoti yananiuma mwaka wa nne sasa, na mgongo wa chini mwaka wa pili. Kusujudu siwezi, naswali kwenye kiti. Nimezunguka hospitali mpaka nimechoka, na kila daktari akiniona tu mlangoni ananiambia nipunguze mwili. Nitaupunguzaje na kutembea siwezi? Halafu kama tatizo ni uzito, mbona asubuhi na vidole vya mikono vinauma? Vidole sivitembelei. Usiku nameza amitriptilini, mchana diklofenaki, na nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kuna na unga wa mitishamba nauziwa, huo ndio ukombozi wangu: nikiunywa leo, kesho naamka mzima. Nikiuacha, maumivu yanarudi mara mbili yake. Toka nianze kuutumia uso umejaa, watu wanasema nimependeza. Naomba unijibu kwa kirefu: mwili ndio unaoleta maumivu, au maumivu ndiyo yameniletea mwili?

JIBU: Dada, pole na shughuli, na pole zaidi kwa kuzungushwa. Nitajibu kwa kirefu kama ulivyotaka, ila jambo moja litangulie: huo unga usiuongeze, na pia usiuache ghafla leo. Sababu nitaieleza huko chini. Kwanza tumalizane na uzito, maana ndio uliokufanya uandike.

Mwili unaleta maumivu na maumivu yanaleta mwili. Kwa mtu aliyeumwa miaka minne, ni vigumu tena kujua kipi kilianza. Goti likiuma, mtu anapunguza kutembea. Akipunguza kutembea misuli ya paja inanywea, na hiyo ndiyo inayolishika goti. Usingizi unakatika, na asiyelala vizuri huamka na njaa zaidi, tena njaa ya vitamu na wanga, huku uwezo wake wa kuvumilia maumivu ukiwa umeshuka. Juu yake zinakuja dawa zinazonenepesha. Mwaka ukiisha kilo zimeongezeka, na mzigo wake unaangukia goti lile lile. Anayekuambia "punguza mwili" hajasema uongo, ila ameshika kipande kimoja cha mzunguko huo, kile kinachoonekana ukiwa bado mlangoni.

Kwamba vitu hivi viwili vinakwenda pamoja halina ubishi. Kampuni ya Gallup iliwahoji Wamarekani zaidi ya milioni moja kati ya mwaka 2008 na 2010, na watafiti Arthur Stone na Joan Broderick wakachambua majibu yao na kuyachapisha 2012. Uzito ulivyopanda, ndivyo walivyoongezeka waliosema jana yake walikuwa na maumivu. Uzito wako ukiugawa kwa urefu wako katika mita, kisha ukagawa tena kwa urefu huo huo, unapata BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 37.5. Watu wa kundi lako walitaja maumivu zaidi ya mara mbili ya wale wenye uzito wa kawaida. Utafiti wa aina hii hauonyeshi kipi kilitangulia, na wapo wanene wengi wasioumwa popote. Wapo pia wembamba wanaoingia kliniki kwa magongo, na hakuna anayewaambia wanenepe.

Tuanze na goti, maana hapo hoja ya uzito ina nguvu kuliko penginepo. Huko Berlin, hospitali ya Charité, wagonjwa waliowekewa magoti bandia yenye vihisio ndani yake walipimwa wakiwa katika shughuli za kawaida. Kwenye tambarare goti lilibeba takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, na kwenye kushuka ngazi karibu mara 3.5. Kwa kilo zako 96, hiyo ni kama kilo 250 kwa kila hatua, na zaidi ya 330 ukishuka ngazi. Inatisha, najua. Lakini hesabu hiyo hiyo inafanya kazi na kwa upande wako. Stephen Messier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina, waliwapima watu wazima 142 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Ukipungua kilo tano tu, ambazo hata jirani hatazigundua, kila hatua inakuwa nyepesi kwa kilo 20.

Mitaani utaambiwa goti limekauka grisi, kwa hiyo ukitembea mifupa inasagana na kuisha. Maneno hayo yamewakalisha watu wengi vitini. Gegedu, ule utando laini ulio kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji inavyokamuliwa na kunyonya maji tena. Likikosa mwendo linakosa na chakula. Kwa hiyo kutembea kwa kiasi kunalifaa goti.

Kinachokutesa huenda si hatua kabisa. Wagonjwa wangu wa pwani huwa nawauliza wanakunaje nazi. Ukiikalia mbuzi, goti linakunjika mpaka mwisho wake, na hapo ndipo kifuniko cha goti kinabanwa zaidi. Kisha unatakiwa unyanyuke kutoka kule chini na mwili wote, mkono mmoja umeshika bakuli. Choo cha kuchuchumaa ni hivyo hivyo, na kufua kwenye beseni lililo chini pia. Mtu anaacha kwenda sokoni kwa miguu, safari isiyo na neno, halafu anabaki na mbuzi asubuhi na jioni. Nazi mpe kijana akune, au nunua mbuzi ya kufunga mezani. Chooni weka kiti kilichotobolewa katikati, fundi seremala yeyote atakutengenezea. Na kwenye cherehani, pandisha kiti mpaka nyonga zikae juu kidogo ya magoti, na usikubali kumaliza gauni zima bila kusimama. Kuhusu sala, endelea kwenye kiti bila kujilaumu. Mgonjwa amepewa ruhusa hiyo.

Sasa vidole. Umeliuliza kwa kejeli, lakini ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniandikia, na watafiti wenyewe walilihangaikia miaka mingi. Watu wenye uzito mkubwa hupata kusagika kwa viungo vya mikono karibu mara mbili ya wengine, na mikono haitembelewi. Maana yake uzito hauumizi kwa mzigo peke yake. Mafuta ya mwilini, hasa yale ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini na utumbo, ni tishu hai inayotengeneza kemikali na kuzimwaga kwenye damu usiku na mchana. Baadhi yake, kama leptini na zile ziitwazo saitokini, huamsha inflamesheni. Unaijua inflamesheni kwenye kidonda kibichi: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Hii ya mafuta ni ya chini kwa chini, haionekani kwa macho, ila inafika kila damu inapofika, hata kwenye vidole. Inazichokoza pia neva za maumivu, zikawa zinapiga kelele kwa jambo dogo.

Hata hivyo sitaki vidole vyako tuvitupie uzito halafu tuvisahau. Hukuniambia vinachukua muda gani kulegea asubuhi. Vikiachia ndani ya nusu saa, ni kusagika au uchovu wa mkasi. Vikibaki vigumu zaidi ya saa nzima, na maungio ya kati ya vidole au viganja yamevimba mikono yote miwili, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi. Ugonjwa huo una dawa zake, na ukicheleweshwa unapinda vidole moja kwa moja. Na kama ni ganzi na moto kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, unaamka usiku unakung'uta mkono, basi kuna neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, tatizo linalowapenda mafundi, wenye kisukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo na wenye uzito mkubwa. Wewe ni fundi na una uzito. Hayo mengine mawili yanapimwa kwa damu.

Mgongo nitaupitia haraka, kwa sababu kwenye mgongo ushahidi dhidi ya uzito ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Uhusiano upo, ila mdogo. Kukaa muda mrefu umeinama, usingizi mbovu na hofu ya kuinama vina uzito wao hapo. Ukipigwa picha wakakuambia pingili zimechakaa, usikimbie: mabadiliko hayo hukutwa kwa zaidi ya theluthi ya vijana wa miaka 20 wasioumwa kitu, na ukifika miaka ya 50 ni wengi kuliko wasio nayo. Kwetu huku naongeza kitu kimoja: maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua kilo bila kutaka yapimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgonjwa awe mnene au mwembamba. Kuambiwa "punguza mwili" kumewahi kuficha magonjwa ya namna hiyo.

Tuje kwenye unga.

Mitishamba, ile inayosaidia, hufanya kazi polepole. Kitu unachokunywa leo na kesho maumivu ya miaka minne yamepotea, ukikiacha yanarudi maradufu, na katikati uso unajaa, mimi nakishuku kuwa kina steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe na maumivu: prednisoloni au deksamethasoni iliyosagwa na kuchanganywa humo. Unga wako sijaupima, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukamata "dawa asilia za viungo" zenye steroidi ndani, na dalili ulizoeleza zinafanana nazo mno. Simama mbele ya kioo ujiangalie. Uso umekuwa wa duara, na mashavu yamejaa kuliko ilivyokuwa kwenye picha zako za zamani? Nyuma ya shingo, chini kidogo, pameota nundu laini? Tumbo limekua huku mikono na mapaja yakiwa membamba kuliko yalivyokuwa? Kuna michirizi ya rangi ya zambarau au myekundu tumboni, mipana kuliko ile ya uzazi? Ukigusa ukingo wa meza ngozi inavilia damu? Ukikuta mawili au matatu kati ya hayo, shaka yangu inakuwa kubwa sana.

Steroidi ni dawa halali, nami huziandika. Ubaya ni kuzinywa bila kujua kipimo wala kujua kama unazinywa. Zinaongeza hamu ya kula na kuhamishia mafuta tumboni na usoni. Zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na zinanyonya misuli ya mapaja, ile ile ambayo goti lako linaihitaji. Yaani unga unaokupa nafuu wiki hii ndio unaokuongezea kilo na kuliondolea goti nguzo yake. Ukichanganya na diklofenaki, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu ndani inapanda sana. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kesho.

Na kwa nini nimekukataza kuuacha ghafla? Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo ziitwazo adrenali, zinazotengeneza homoni ya aina hiyo kila siku, na bila homoni hiyo mwili hauwezi kustahimili hata homa ya kawaida. Ukiipata kutoka nje kwa miezi mingi, tezi zinalala. Ukiikata siku moja, zinaweza kuchukua wiki au miezi kuamka, na katikati hapo mtu anaweza kulegea, kutapika, presha kushuka na kuzimia. Watu hufa hivyo. Kwa hiyo uchukue na mfuko wake, na kijiko unachopimia, uende hospitali yenye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani wiki hii, useme wazi: nimekuwa nikinywa hiki kwa muda huu. Kuna kipimo cha damu cha asubuhi kinachoonyesha tezi zinafanya kazi kiasi gani. Akiona zimelala, atakubadilishia upewe steroidi ya hospitali yenye kipimo kinachojulikana, kisha aishushe kidogo kidogo. Atakayekugombeza kwa kutumia mitishamba mvumilie, haja yako ni hicho kipimo.

Dawa zako nyingine nazo zina mkono kwenye mizani. Amitriptilini ni dawa nzuri ya neva na usingizi, lakini inaongeza hamu ya kula, na wengine hupata kilo kadhaa kwa mwaka. Pregabalini, ambayo huenda ukapewa kama mbadala, ina tabia hiyo hiyo. Ipo duloksetini, ambayo kwa kawaida hainenepeshi na inasaidia maumivu ya goti na ya mgongo. Muulize daktari kama inakufaa, ila usibadilishe mwenyewe. Sindano ya miezi mitatu nayo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake na kupunguza uimara wa mifupa ikitumika miaka mingi. Kwa umri wako, na kama kweli umekuwa ukinywa steroidi, ningependa uzungumze na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu kitanzi kisicho na homoni. Umeambiwa upunguze mwili na watu ambao hawakukuuliza unameza nini, na hilo ndilo ninalowalaumu nalo wenzangu.

Turudi sasa kwenye swali lako la pili: nitapunguzaje na kutembea siwezi? Kilo hupungua zaidi jikoni kuliko barabarani, kwa hiyo goti bovu halijakufungia mlango. Timu ile ile ya Messier ilichapisha utafiti mkubwa mwaka 2013, wa watu 454 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, kwa miezi 18. Waliokula kwa mpangilio na kufanya mazoezi pia walipungua wastani wa zaidi ya kilo 10, na maumivu yao yakashuka karibu nusu. Lakini angalia kundi la waliofanya mazoezi bila kubadili chakula: hawakupungua hata kilo mbili, na bado maumivu yalipungua. Mimi huwasisitizia wagonjwa jambo hilo, kwa sababu mtu akipanda mizani baada ya mwezi asione kitu, huacha kila kitu, kumbe goti lilishaanza kufaidi.

Lengo lako la kwanza liwe kilo tano, ambazo ni asilimia tano ya uzito wako. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na wiki nyingine isishuke kabisa ni kawaida, hasa dawa zikiwa bado hazijapangwa. Sitakuandikia orodha ya vyakula vya kizungu. Wacha nieleze tu ambacho ningekiona nikiwa jikoni kwako. Chai vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko 12 kabla hujala chochote. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sijawahi kumwona mpishi wa pwani akipima mafuta kwa kijiko. Wali wa nazi usiuache, utarudi kwake kwa hasira. Punguza tui la kwanza, na wali ushushe uwe robo ya sahani, samaki au maharage robo nyingine, nusu iliyobaki mchicha, kisamvu bila tui zito, bamia, kachumbari. Samaki, dagaa, mayai na kunde usivibanie, maana anayepunguza chakula chote kwa pamoja hupoteza misuli pamoja na mafuta, na goti linabaki lile lile. Vitumbua na mahamri viwe vya siku maalumu, usivile kwa kuwa tu mezani vipo.

Kuna shida nyingine ambayo vitabu vya wenzetu haviiandiki. Ukianza kupungua, kuna watu watakuuliza kwa sauti ya chini unaumwa nini. Uso wa steroidi ukianza kushuka watasema umekwisha. Mwambie mumeo na watoto mapema unafanya nini na kwa nini, wawe upande wako siku hizo.

Mazoezi anzia kwenye kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, uweke mto kama ni kifupi. Kaa ukingoni, rudisha visigino nyuma ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Ukihitaji kusukuma kwa mikono, sukuma. Kisha keti polepole, ukihesabu moja mpaka nne kabla makalio hayajagusa kiti. Ile kushuka polepole ndiyo inayojenga paja. Mara tano asubuhi, tano jioni, na ukizizoea uongeze. Ukiwa umekaa kwenye cherehani, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, kaza paja kwa sekunde tano, shusha. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kutulia kabla ya kesho asubuhi, goti halijaharibika, endelea. Yakiamka na wewe kesho yake, fanya nusu ya ulichofanya, lakini usiache.

Na wewe uko Tanga, una bahari. Maji yakifika kifuani yanabeba zaidi ya nusu ya uzito wako, goti linatembea karibu bila mzigo. Tafuteni wanawake wawili watatu, mwende Raskazone asubuhi maji yakiwa shwari, mtembee ndani ya maji kwa robo saa na nguo zenu za stara. Sijui kwa nini huwa hatuwaandikii wagonjwa wa pwani dawa hii.

Wakati hayo yote yanaendelea, una haki ya kutibiwa maumivu. Asikuambie mtu "pungua kwanza ndipo urudi", maana anayeumwa hawezi kufanya zoezi. Badala ya diklofenaki ya kumeza kila siku, ambayo inachosha figo na kupandisha presha, omba ile ya kupaka; kwenye goti na vidole inafanya kazi vizuri na inaingia kidogo sana kwenye damu. Fimbo nayo ni dawa, ishike kwa mkono wa upande usiouma sana, wengi huishika upande wa goti bovu na kupoteza faida yake. Na kama mumeo analalamika unakoroma na kuna wakati pumzi inakatika, mweleze daktari hilo pia. Usingizi wa namna hiyo unazidisha maumivu na njaa kwa pamoja, na una matibabu.

Huenda umesikia habari za sindano mpya za kupunguza mwili. Ni kweli, semaglutidi ilijaribiwa kwa watu 407 wenye uzito mkubwa na maumivu ya magoti, matokeo yakatoka 2024: baada ya wiki 68 walipungua karibu asilimia 14 ya uzito, na maumivu yakashuka kuliko kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Lakini ni ghali, ukiacha kilo hurudi kwa wengi, na nyingi zinazouzwa mitandaoni hujui zimetoka wapi. Una unga mmoja usiojulikana tayari, usiongeze sindano isiyojulikana. Kubadilishiwa goti kunafanyika hapa nchini, pale taasisi ya mifupa MOI, Muhimbili, kwa mfano, ila kwa miaka 47 ni mapema kuliwaza kabla mapaja hayajapewa nafasi.

Kwa hiyo wiki hii weka kwenye mfuko mmoja unga, vidonge vyote, kadi ya uzazi wa mpango na picha za zamani za eksirei, uende. Omba upimwe presha, sukari, figo, tezi ya shingo na ile homoni ya asubuhi, na vidole vyako viangaliwe kwa kushikwa. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku, ukitapika bila kukoma au kuzimia, ukiona choo cheusi, goti moja likivimba na kuwaka moto pamoja na homa, mguu ukipoteza nguvu, au ukipata ganzi sehemu za siri na mkojo kukataa kutoka. Majibu yakitoka niandikie namba zake, pamoja na vidole vinachukua dakika ngapi kuachia asubuhi, nikupangie mazoezi ya wiki za mbele kulingana na dawa utakazokuwa umebakiwa nazo.